Cherehani Mapajani

Msusi aliyekaa kiti cha nyuma hakuwa na haja ya kutega sikio. Wanawake wale wawili walizungumza kana kwamba basi ni sebule yao. Mmoja, fundi wa nguo, alikuwa amepakata cherehani chake kama mtoto mchanga.

"Nakihamishia dukani, dada. Binti yangu amekosa usingizi. Anagaagaa mpaka majogoo, darasani anasinzia, na mtihani huo waja. Simu nimemnyang'anya, pazia zito nimetundika, na bado!"

"Tangu lini?" aliuliza jirani yake, muuza sabuni.

"Tangu tuhamie nyumba ya vyumba viwili. Zamani tulibanana chumba kimoja. Mimi nashona, yeye anakoroma."

Muuza sabuni akapiga kofi. "Basi shoga, umemnyima bembelezi yake! Mtoto kalelewa na mlio huo, nawe unaupeleka dukani. Kirudishe, ushone karibu naye mpaka alale."

"Hebu! Kelele humlaza nani?"

"Mimi. Mume wangu akisafiri, silali. Si mapenzi, ni kukosa mikoromo yake."

Msusi aliuma mdomo asicheke.

"Yule ni msichana mkubwa, mwenzangu."

"Mkubwa kwa nani, kwa mamaye? Jaribu leo. Nikikosea, tukikutana nitukane."

Kidole cha fundi kilizungusha gurudumu la cherehani taratibu. Basi likasimama.

"Fundi, dukani kwako hapa!" Kondakta alinyoosha mikono apokee mzigo.

Fundi akakikumbatia zaidi. "Nani kakwambia nashuka?"