Miaka Miwili Nilimlisha Baba kwa Kijiko

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mwenyekiti ameniomba niwatie moyo nyinyi mnaouguza watu nyumbani. Nitajaribu. Lakini mnivumilie, kwa sababu nimekuja na hasira.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nikisomea tibakazi. Msione haya kama hamjui ni nini, hata kwetu hawakujua. Mtu akipooza, daktari anatibu ugonjwa. Sisi tunamfundisha kuishi tena: kula, kuvaa, kuandika, kurudi kazini.

Baba alikuwa mfugaji wa ngamia. Mama alishafariki. Kiharusi kikamwangusha baba, upande wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito. Adeer, kaka yake mkubwa, akanipigia simu.

"Rudi umtunze babako."

"Adeer, nimebakisha mwaka na kidogo tu."

"Mwaka wa nini? Wa kuchezesha watu vidole?"

Nina kaka wawili. Nao walikuwa wanasoma. Hakuna aliyeitwa, ila mimi binti. Mnanisikia? Hakuna! Nikafunga virago.

Kwa miaka miwili nilimlisha kwa kijiko, nikamfunga vifungo vya shati, nikamshikia kikombe. Vitabu vyangu vikaliwa na mchwa. Nilikonda, nikaacha kuongea na watu, hata kuswali nikawa naswali kwa uvivu. Mungu anisamehe.

Siku moja adeer akaja na wazee kupanga ndoa ya mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado shuleni. Baba akajaribu kusema kitu. Adeer akainua mkono: "Mwacheni. Huyu sasa ni mtoto."

Baba akatokwa na machozi. Mimi niko pale, kijiko mkononi. Ndugu zangu, nawaambia, nilitamani kumrushia adeer sahani. Halafu nikajiuliza: nani amemfanya baba mtoto? Si adeer peke yake. Ni mimi, niliyefundishwa miaka mitatu jinsi ya kumwinua, nikakaa namlisha.

Kesho yake sikumlisha. Nilizungusha kitambaa kwenye mpini wa kijiko ukawa mnene, nikakiweka katika mkono wake wa kushoto. Akakitupa. "Kushoto haramu," akasema kwa shida. Nikamwita imamu, akamwambia, "Mzee, mwenye udhuru hana lawama." Akakubali. Uji ukamwagika kila asubuhi kwenye macawis yake, ile shuka anayojifunga kiunoni. Eedo, dada yake baba, akapiga kelele hadi majirani wakajaa: "Anamtesa mzee!" Sikuacha. Na ule mkono wa kulia nikaufanyisha kazi kila siku, kufuta meza, kukunja kilemba.

Miezi ikapita. Siku aliyotawadha mwenyewe, kila kiungo, bila mtu kumgusa, eedo ndiye aliyelia.

Wazee waliporudi kwa habari ya ndoa, baba aliwangoja ameketi wima. Akasema polepole, neno baada ya neno: "Baba yao ni mimi. Huyu mdogo atasoma. Na huyu mkubwa arudi chuo."

Adeer akavaa viatu, akaondoka na wazee wake.

Nikarudi, nikakaa darasani na watoto wadogo kwangu. Nilipomaliza, hospitali ya kwanza kuniajiri ikaniweka dirishani kugawa kadi za wagonjwa, eti kazi yangu hawaijui. Nikawasumbua mpaka wakaijua. Leo niko wodini. Mwenzangu mmoja yuko kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, anawapimia watoto viti vya magurudumu. Mwingine yuko na wagonjwa wa akili. Kazi ipo, wallahi. Watu wa kuifanya ndio hawapo, maana tunawaita nyumbani.

Namshukuru mwalimu wangu wa chuo, aliyenitunzia nafasi yangu miaka yote ile. Namshukuru imamu. Namshukuru eedo, aliyebaki na baba nikaenda kumaliza.

Funzo langu ni hili. Mgonjwa wako akiweza jambo moja, mwachie alifanye, hata akichukua asubuhi nzima. Na nyinyi akina baba mlioketi huko nyuma: siku maradhi yakiingia nyumbani, msikimbilie simu ya binti. Wana wenu wa kiume pia wana mikono.