Sauti ya Nne Anayoitunza Mzee Andrew

Mgeni rasmi, Mwalimu wetu Didas, shikamoo.

Sisi waimbaji wa Kisarawe, pamoja na wenzetu wa Mkuza, Kibaha, walioanza safari jana kwa miguu, tunakukaribisha nyumbani. Wengi wetu tulikuwa wadogo ulipoondoka mwaka 1940. Sura yako tuliijua kwa kusimuliwa.

TULIKOTOKA

Kwaya hii uliianzisha wewe, ukiwa mwalimu wa darasa la pili. Hukumpa mtu karatasi. Kila sauti uliifundisha kwa mdomo, peke yake, mahali pake: wasichana barazani, wanaume kwenye shamba la mihogo. Hakuna aliyejua wenzake wanaimba nini mpaka Jumamosi ya kuunganisha. Wazee wanasema siku hiyo walisikia wimbo wao kama wa wageni. Kisha ukaitwa jeshini, kwenye bendi.

TUNAYOJIVUNIA

Leo unaongoza okestra Nairobi na kutunga muziki wa vyombo thelathini. Mwaka jana muziki wako ulipopigwa redioni, tulijaa dukani kwa Bwana Twalibu, naye akaacha kuuza. Mama Mwanne akasema, "Ndiye huyo. Bado anaharakisha mwishoni kama ana njaa." Tulicheka. Muziki ulipokwisha hakuna aliyetaka kuondoka.

SHIDA YETU

Wimbo wako wa mavuno tunauimba kila mwaka, kwa sauti tatu. Sauti ya nne, ile nzito ya chini, anayo Mzee Andrew Jumbe peke yake. Wenzake aliojifunza nao shambani wamefariki. Wewe mwenyewe ulituandikia Krismasi kwamba umeisahau.

Siku ulipopanda lori la jeshi ulimwambia, "Andrew, hii usimfundishe mtu mpaka nirudi. Wataiharibu." Huenda ulitania. Yeye ameishika kama amana. Vijana wamembembeleza miaka kumi na minne, naye huwajibu, "Mwenyewe yuko njiani."

Tangu masika kifua kinambana. Akiimba mstari mmoja, hupumzika. Leo ameshindwa kufika hapa. Yuko nyumbani kwake, nyuma ya shule, na koti amelivaa tangu alfajiri.

MAOMBI YETU

Tulikuwa tumeandika maombi mengi: kinanda, vitabu, sare. Tumeyafuta. Limebaki moja.

Kabla hujaondoka, tafadhali pita kwa Mzee Andrew. Kama utarudi kukaa nasi, mwambie, atakungoja kwa furaha. Kama hutarudi, mwambie hilo pia, kwa kinywa chako, ili atufundishe angali na pumzi. Sisi tumeshindwa kumwambia, Mwalimu, kwa sababu hata sisi tulikuwa tunakungoja.

Mungu ailinde mikono yako na wote wanaoitazama ili waanze kuimba.

Ni sisi wanao,
Waimbaji wa Kisarawe na Mkuza.

Imesomwa kwa niaba yao na Mwalimu Honorata, Kisarawe, Agosti 1954.