Mama Mistari, Aliyesoma Mawimbi ya Ubongo

Marehemu, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Mistari, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa wa tatu kati ya watoto saba. Baba yake alikuwa karani wa ratiba za treni na mama yake mkunga. Ndugu zake wanasema tangu utotoni alikuwa mtu wa "kwa nini", na asipojibiwa hakukubali yaishe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, kisha sekondari, na mwaka 1979 akapata cheti cha ufundi wa vipimo vya hospitali. Hesabu alizipenda. Ushonaji ulimshinda kabisa, na kwa hekima yake akaolewa na fundi cherehani.

Januari 1980 aliajiriwa katika chumba cha kupima mawimbi ya ubongo, mwisho wa korido, jirani na stoo ya mashuka. Alikuwa akibandika nyaya kichwani mwa mgonjwa, na kalamu za mashine zikichora mistari kwenye karatasi. Wiki ya kwanza aliona kalamu zinahangaika ovyo ovyo, akakimbia kumwita fundi umeme. Fundi akafungua mashine, akaifunga, hakuona kitu. Daktari alipokuja alicheka: "Mashine ni nzima, binti. Mgonjwa yuko macho, anawaza." Mwezi huohuo mgonjwa mwingine alishikwa na kifafa kitandani, na kalamu zote zikapanda na kushuka pamoja, safi kama kushona kwa mashine.

Jambo hilo lilimkosesha raha. Kwa nini mtu mwenye fahamu mistari yake ivurugike, na fahamu zikimtoka ijipange? Mwaka 1991, akiwa na watoto watatu, alianza kuhudhuria masomo ya jioni kwa mhadhiri mmoja wa hesabu. Huko alijifunza nadharia ya vurugu, inayoeleza jinsi badiliko dogo la mwanzoni linavyoweza kuzaa jambo kubwa lisilotabirika, na nadharia ya uchangamano, inayochunguza jinsi vitu vingi visivyo na mkubwa vinavyofanya kazi kama kitu kimoja. Yeye na mhadhiri huyo walikokotoa mistari ya wagonjwa 212 na kuandika ripoti mwaka 1997. Mafundi waliofuata aliwaambia, "Ubongo ulio mzima una fujo. Mistari ikipanga foleni, ogopeni."

Shemeji yake anayeusoma wasifu huu aliwahi kumtania kwamba anatafuta roho kwa rula. Akajibu, "Shemeji, nenda sokoni asubuhi. Nani kaamuru nyanya zikae hapa na samaki kule? Hakuna. Kila mtu anamwangalia jirani yake tu, na soko lipo. Fahamu nayo usiitafute kwenye chembe moja ya ubongo."

"Na soko likifungwa, linakwenda wapi?"

"Hapo ndipo sijui. Usinichimbe."

Kutojua huko hakukuficha. Ndugu za wagonjwa waliozimia walipomuuliza kama mtu wao bado yumo, alisema, "Naweza kuwaambia mistari inafanya nini. Zaidi ya hapo nitakuwa nawadanganya." Wengine walimchukia kwa hilo.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982. Mume wake ndiye aliyemshonea makoti yote ya kazi. Waliishi vizuri, na walipogombana waligombana kwa sauti. Alistaafu mwaka 2016, lakini kila Ijumaa alirudi hospitalini kufundisha bila malipo.

Ijumaa tarehe 2 Juni 2023 alipaswa kumpeleka mume wake kliniki ya macho, akasahau, akavaa koti kwenda kufundisha. Mume wake akamwambia, "Miaka yote unapima vichwa vya watu, cha mumeo hukijui." Marehemu akaaga. Hakuitikiwa. Saa nne asubuhi alianguka kwa kiharusi katika korido ileile, na hakuzinduka tena.

Fundi aliyemfundisha mwenyewe ndiye aliyembandika nyaya. Mume wake akainama, akamwomba radhi mkewe, kisha akamgeukia fundi: "Kasikia?"

Fundi alitazama mistari. "Mzee, ilibadilika uliposema. Lakini ilibadilika pia kiti kilipoburutwa. Siwezi kukudanganya. Mama mwenyewe asingenisamehe."

Mzee akasema, "Basi nitarudi kesho." Akarudi kila siku, akaomba radhi kwa maneno yaleyale. Siku za mwisho mistari ilipungua fujo, ikawa mipole, na fundi hakuhitaji kueleza. Marehemu alifariki Jumatano tarehe 21 Juni, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka 67.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano, ndugu wanne, na mafundi aliowafundisha katika hospitali nyingi. Sisi tuliompenda tumeumia sana.

Kabla jeneza halijashushwa, mume wa marehemu ameomba dakika moja peke yake na mkewe. Anasema bado hajui kama alimsikia. Tunaomba sote tusogee nyuma kidogo, tumpishe.

Apumzike kwa amani, Mama Mistari wetu.