Mzee Kisun na Mkanda Usiofika Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, leo sina utani mwingi, ingawa ninayemkumbuka angenikaripia kwa hilo. Kisun Ghale ametutoka. Kisun Ghale, mwenye video, wa huku kwetu Lamjung, Nepal.

Mnamjua. Miaka ishirini alipanda vilima vyetu kutuonyesha filamu, televisheni na mashine ya mikanda kwenye kapu mgongoni, mkewe Yammaya nyuma yake na betri ya lori. Kiingilio kibaba cha mahindi. Alikuwa mbishi, mpenda pilipili, hajui kuimba na bado anaimba.

Mkanda uliopendwa kuliko yote ni ile filamu ya mwanajeshi na familia yake. Siku ya kwanza alipoionyesha, mpakani mwa India kulikuwa na vita. Mbele kabisa aliketi Mama Sukmaya, ambaye mwanawe, Tekman, askari wa jeshi la India, alikuwa huko huko vitani. Kisun alishauona mkanda ule mjini. Alijua mwishoni linaletwa jeneza. Basi mwanajeshi wa filamuni alipopewa likizo, akateremka hadi kijito cha kijijini kwao, mkewe aliyekuwa akiteka maji akatua mtungi kumlaki, papo hapo Kisun akazima.

"Imekwisha," alisema. "Kalaleni, nyati wenu wa maziwa hawatajikamua wenyewe."

Narudia, wasikilizaji: alizima kabla ya jeneza. Vijiji kumi na kimoja viliamini mwanajeshi yule alirudi salama.

Kisha akaolewa huku msichana wa mjini Pokhara, akasikia wanawake bombani wakimtaja mwanajeshi yule, akasema, "Lakini si anakufa?" Mama Sukmaya akaenda moja kwa moja kuketi uani kwa Kisun.

"Nionyeshe kilichobaki."

"Dada, nenda zako. Mashine mbovu."

"Mbovu ni wewe. Mwanangu yuko huko. Nionyeshe."

Binita, binti wa Kisun, ameniambia: "Baba alifunga madirisha mchana kweupe. Mama Sukmaya akatazama mpaka mwisho. Aliyelia ni baba. Mama Sukmaya akamwambia, 'Sasa najua. Wenzangu nitawaambia mwenyewe. Ila wewe endelea kuzima palepale kijitoni.'"

Akaendelea. Kila mtu alijua, na filamu ilipofika kijitoni kila mtu akainuka, akajipangusa vumbi, akaenda kwake. Tekman alirudi mwaka uliofuata, akichechemea. Alipoitazama filamu ile, naye aliinuka palepale kijitoni.

Juzi, tulipokwisha kumsindikiza Kisun safari yake ya mwisho, Binita aliuonyesha mkanda ule kwa heshima yake. Nyumba ilijaa mpaka uani. Filamu ikafika kijitoni. Binita akanyoosha mkono azime. Mama Sukmaya, ambaye siku hizi haoni vizuri, akamshika.

"Iache iende, mwanangu. Leo tuna wa kumlilia."

Yammaya, Binita, poleni sana. Tulimpenda mno mzee wenu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirini ni nani amewahi kuwabebea habari nzito kimya kimya, mpaka mkaweza kuisikia. Kama bado yu hai, nendeni mkanywe naye chai leo.