Mashine ya Nyuki ya Mwalimu Kipyego

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao wa bodi ya lori uliolazwa juu ya matairi mawili, pale Kapsoya, nje ya kibanda cha mabati ambamo Murunga alitengeneza pasi, redio na blenda za watu. Asubuhi, baridi ya Eldoret ikiwa bado inauma vidole, Mama Kavetsa alifika na chupa zake mbili za kahawa ya tangawizi, na wazee wakaja wakifuata harufu. Kila aliyekaa pale alipewa jina la pale. Murunga aliitwa Injinia. Kiptoo, mstaafu wa kiwanda cha nguo, aliitwa Spika, kwa kuwa hakuna aliyemaliza sentensi bila ruhusa yake. Muchiri aliuza dawa za mifugo ng'ambo ya barabara, kwa hiyo yeye alikuwa Daktari. Wa nne alikuwa Kipyego, mwalimu wa sayansi aliyestaafu, na huyo waliishia kumwita Mwalimu tu, maana kila jina walilombandika lilibanduka. Mwezi huo wa Juni nafasi yake ilikuwa wazi, na ingawa ubao ulikuwa mfupi na watu walikaa wamebanana, hakuna aliyesogea kuijaza.

Mwalimu alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ilikuwa shambani Ziwa, alikokuwa mkewe Hellen na ng'ombe wao; siku za juma yeye alikaa Kapsoya akisaidia shule ya chekechea ya kanisa, na Ijumaa akarudi nyumbani. Mwezi wa Machi kundi kubwa la nyuki lilihamia kwenye dari ya darasa la watoto wadogo. Kamati ya shule ikataka kupuliza sumu. Mwalimu akawasihi wampe muda, angalau mpaka shule zifunguliwe tena baada ya likizo, naye angewatoa wote wakiwa hai.

Kesho yake alifika kijiweni amebeba ndoo mbili za rangi, kubwa na ndogo, na mota ya mashine ya kuvuta vumbi ambayo hoteli moja ya mjini ilikuwa imeitupa. Akaviweka miguuni pa Murunga, akachukua kijiti na kuchora mchangani: paipu hapa, ndoo ndogo yenye wavu ndani ya ile kubwa, mota juu ya kifuniko.

— Unawavuta pole pole, alisema, vile mtu ananyonya chai ya moto. Wanaingia huku ndani, hewa inapita kwa wavu, wao wanabaki. Hakuna hata mmoja anakufa.

Murunga akasema hiyo ni kazi ndogo, paipu ataitafuta yeye. Akazisukuma ndoo chini ya meza yake, na zikakaa huko.

Si kwamba alikataa. Kila alipoamka aliamka na nia, ila pasi ilikuja, redio ikaja, mtu akaja na jiko la umeme anasema ana wageni. Mwalimu alipouliza, hakuuliza kwa ukali. Alikuwa wa kuuliza kama mtu anayeulizia mvua. Murunga naye alimjibu kwa methali kwamba haraka haraka haina baraka, kijiwe kikacheka. Siku moja Daktari akaongeza kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndoo kweli zilikuwa mvunguni, na hakuna aliyeinama. Majuma saba yakapita hivyo.

Ijumaa ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Mwalimu hakuuliza. Alipita kijiweni saa nane mchana, akanywa kikombe kimoja akiwa amesimama, akaaga. Alikwenda chekechea peke yake na ngazi, gunia, moshi wa matambara na wavu wa uso. Mlinzi aliyekuwa langoni alisema baadaye kwamba alimwona akifungua ubao wa dari bila wasiwasi, kisha akamwona akipigapiga wavu wake, kana kwamba nyuki wameingia ndani. Ngazi iliteleza kwenye saruji.

Alilala hospitalini siku kumi na moja. Murunga alishindwa kwenda mpaka siku ya tisa. Alimkuta amelala chali, uso umeshapungua uvimbe, miguu haina habari. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, na angeyapokea. Lakini Mwalimu alitaka kujua kitu kimoja.

— Injinia, paipu ulipata?

— Kesho, Mwalimu, Murunga akasema. Kesho napata.

Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia. Walimzika Ziwa, kando ya mizinga, mahindi yakiwa yamefika magotini. Murunga alipanga foleni ndefu kumpa Hellen mkono wa pole, na Hellen, aliyekuwa hajawahi kufika kijiweni, aliushika mkono wake kama alivyoshika ya wengine mia, asijue ni wa nani.

Baada ya mazishi, kamati ya shule ilitangaza kwamba watoto wamesomea kanisani vya kutosha. Ikifika Alhamisi na nyuki wangali darini, sumu ingepulizwa. Daktari ndiye aliyeileta habari hiyo kijiweni, asubuhi ya Jumatatu. Murunga aliisikia, akanyanyuka, akaacha kahawa yake nusu, akaingia kibandani. Wakamsikia akiburuta ndoo.

Siku ile hakupokea pasi ya mtu. Alitoboa, akafunga, akabana. Paipu aliipata kwenye duka la vifaa vya maji, hatua chache kutoka kijiweni. Ilikuwa imening'inia mlangoni miezi yote hiyo. Jumanne asubuhi alibeba mashine mpaka kwenye ua wa jirani, ambako kikundi kidogo cha nyuki kilikuwa kimetua kwenye mti, akaiwasha. Mota ikalia. Nyuki wakatoweka ndani ya paipu mara moja. Alirudi na kufungua kifuniko mbele ya wenzake, na kilichokuwa ndani kilikuwa kama majani ya chai yaliyochujwa. Hakuna kilichosogea.

Hapo kijiwe kikapata kazi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi wabishane kwa roho moja, na ni kama kila mtu alikuwa ameikosa sauti yake mwenyewe.

Daktari alianza kwa upole. Alisema nyuki wana presha kama binadamu, wakishtuka inapanda. Spika akamwambia akae chini, akasema shida si presha, shida ni mwinuko. Eldoret hewa ni nyepesi. Ndiyo maana wakimbiaji hutoka huku. Nyuki wa huku nao ni wakimbiaji, wamezoea hewa kidogo. Mota ile imeundiwa watu wa nchi tambarare, inawapa hewa nyingi kuliko mapafu yao.

— Nyuki hana mapafu, Daktari akasema.

— Wewe umemfungua lini?

Daktari akakiri hajawahi, ila akasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hawa nyuki mama yao ni malkia ambaye hatoki nje, atawafunza nini kuhusu umeme? Mama Kavetsa, aliyekuwa akimimina, akauliza hiyo methali imeingiaje hapo. Spika alikuwa ameshafika mbali zaidi. Nyuki, alisema, wanashika harufu ya mtu kuliko polisi. Wale wa chekechea hawakuhamia pale kwa bahati. Walitoka Ziwa, walimfuata mwenyewe, na sasa mwenyewe hayupo wamekaa darini kama watu wa matanga. Huwezi kuwaondoa kwa mashine. Lazima waondolewe na mkono wanaoujua.

— Fuata nyuki ule asali, Daktari akamalizia kwa sauti ndogo, naye mwenyewe akasikia ilivyotoka vibaya. Mwalimu alikuwa amewafuata.

Murunga alikuwa amechuchumaa juu ya ndoo, anawatoa wafu mmoja mmoja kwa ncha ya bisibisi na kuwapanga kwenye kipande cha gazeti. Hakuwa na nadharia yoyote. Alikuwa akimsikia mtu akisema pole pole, vile mtu ananyonya chai ya moto. Aliambiwa tangu Machi. Aliambiwa na kuchorewa, na hakuwa amesikiliza hata kidogo, kwa sababu siku ile akili yake ilikuwa kwenye redio ya mtu.

Aliingia ndani, akatoboa tundu pana ubavuni mwa ndoo kubwa, akalitengenezea kifuniko cha kuteleza. Tundu likifunguliwa, mota ilivuta hewa ya nje na nguvu ya paipu ikapungua. Akakata sponji kutoka kwenye godoro lake mwenyewe, akaitandika mahali nyuki wangegonga wakiingia. Akapima kwa punje ya mahindi: akalegeza mvuto mpaka paipu ikashindwa kuibeba punje lakini ikainua ganda lake. Jua la jioni lilipogusa mabati alikwenda ua ule ule, akawavuta nyuki wachache waliobaki mtini, akarudi nao kibandani, akafungua. Wakatoka wakitembea, mmoja akijipangusa uso kwa miguu ya mbele. Akauangalia mlango wa kibanda, kana kwamba kuna mtu wa kuonyeshwa.

Jumatano alfajiri, nyuki wakiwa bado wamejikunyata kwa baridi, wazee watatu walikwenda chekechea. Spika aliifunga ngazi kwa kamba kwenye nguzo, akaifunga tena, akakataa kuiachilia. Daktari alisimama mlangoni na dawa ya ng'ombe mfukoni, asijue angemdunga nani. Murunga alipanda. Kwenye saruji chini yake mtu alikuwa amemwaga mchanga kufunika doa, na mchanga wenyewe ulikuwa na umbo la bega.

Alifungua ubao. Walikuwa wengi kuliko alivyowaza, wamening'inia juu ya masega kama sweta nzito. Aliwasha mota, akafungua tundu la ubavuni, akasogeza paipu taratibu pembeni mwa kundi. Wakaanza kuingia kwa mlio wa mvua ya kwanza juu ya mabati, tone moja, matone, kisha mfululizo. Alifanya kazi ile saa nzima na zaidi. Ndani ya wavu wa uso machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuweza kuyapangusa, na hakuna aliyemwona. Alipomaliza kukata masega na kuyaweka kwenye beseni, dari ilikuwa tupu na ndoo ilikuwa ikinguruma kwa sauti nzima, ya viumbe hai.

Walikuwa wamerudi kijiweni, ndoo imewekwa kivulini na kitambaa chenye maji juu yake, pikapu ilipofika kutoka Ziwa. Spika alikuwa amempigia Hellen simu. Alishuka taratibu, amevaa kitambaa cheusi na sweta ya Mwalimu ya kijivu, mikono imekunjwa mara mbili. Wazee wakasimama. Mama Kavetsa akampa kahawa kwenye kikombe chake kizuri, na kwa kuwa ubao haukuwa na nafasi nyingine, Hellen alikaa pale palipokuwa wazi.

Akaambiwa yote kuhusu asubuhi ile. Akainama, akaweka sikio kwenye ndoo, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu.

— Ni wazima, akasema.

— Wazima kabisa, Mama, Spika akasema. Injinia ndiye ametengeneza.

Hellen akamtazama Murunga. Hakuwa na hila yoyote usoni. Alikuwa mtu anayetaka kushukuru na anatafuta pa kuanzia.

— Ilikuchukua muda gani, hii mashine?

Daktari akakohoa, akasema hizi vitu za umeme, Mama, huwezi jua, kuna mota, kuna vipimo. Spika akaanza kueleza mambo ya mwinuko. Walikuwa wakimfanyia kwa wema, na Murunga alijua angeweza kujificha nyuma ya wema ule mpaka pikapu iondoke. Akainua mkono kuwazuia.

— Mbili, akasema.

— Miezi miwili?

— Siku, Mama. Siku mbili.

Hellen alikizungusha kikombe mkononi. Akawaeleza, bila kumlenga mtu, kwamba kila Jumamosi alikuwa akimuuliza mumewe habari za hiyo mashine, naye kila mara alimwambia amwache fundi afanye kazi yake, kitu hicho ni kigumu sana, hakijawahi kutengenezwa huku, si vizuri kumharakisha mtu. Hata hospitalini alisema hivyo. Akakunja uso kama mtu anayerudia hesabu iliyokataa.

— Sasa, akauliza, alikuwa anangoja nini?

Spika, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu ubao ule uwekwe, aliangalia viatu vyake. Daktari aliangalia ng'ambo ya barabara, kwenye duka lake, kana kwamba kuna mteja. Mama Kavetsa aliinamisha chupa, kahawa haikutoka, akaishikilia vivyo hivyo. Murunga alikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja, fupi: mimi.

Hellen akaweka kikombe chini, akasimama, akasema jua litawaumiza nyuki. Akashika mkono mmoja wa ndoo.

— Shika huko.

Murunga akashika. Wakaibeba pamoja mpaka kwenye pikapu, wakaipandisha polepole, isitikisike. Hellen akazunguka, akaketi mbele kando ya dereva. Hakumwambia panda, wala hakumwambia baki. Murunga alipanda nyuma, akaibana ndoo katikati ya magoti yake, akaikumbatia. Pikapu ikaondoka. Kupitia kioo aliona kile kitambaa cheusi, hakigeuki. Kutoka Kapsoya hadi Ziwa ni mwendo wa karibu saa moja, barabara ikiwa nzuri. Alikuwa na muda huo wote wa kulitoa neno lenyewe, na walipopita nyumba za mwisho za mji alikuwa ameshaanza kulijaribu, midomo ikisogea, nyuki wakinguruma kifuani pake.