Damu Imesema Nini, Evaristo?

Kijiwe kiko mbele ya banda la Adolf, fundi baiskeli, barabara ya kwenda Katindiuka: benchi moja, birika la kahawa la Mwanasha, na watu wasiokosa la kusema. Asubuhi ile Evaristo alifika akichechemea, akakaa pembeni, mguu wa kushoto kaunyoosha. Kidonda cha kidole gumba kilikuwa na miezi minne na hakikuonyesha dalili ya kufunga. Jana yake alikuwa hospitali.

— Haya, wamekwambiaje? aliuliza Ponsiano, ambaye wote humwita Reli kwa sababu alifanya kazi stesheni mpaka akastaafu.

— Mishipa imeziba, damu haifiki mguuni, ndiyo maana umekuwa wa baridi hivi. Sigara hizi, Reli. Halafu wakanitoa damu mkononi. Kuna utafiti, wanatafuta vitu kwenye damu vya kuwaonyesha mguu wa nani uko hatarini zaidi.

— Na wako?

— Hatari kubwa.

Mwanasha akammiminia kahawa. Evaristo hakuwaambia kwamba alishaamua haendi tena kokote. Kama damu yake mwenyewe imeshamhukumu, akafuate nini?

— Hapo wamekudanganya, alisema Adolf, akikwangua tyubu. Damu ya mkononi itajuaje habari za mguuni?

— Damu inazunguka, wewe! alisema Reli. Ni kama treni. Ikitoka Mlimba, ikifika Mang'ula watu wameshajua Mlimba kumetokea nini.

— Basi kama inapita kila mahali, inajua kila kitu, alisema Adolf. Mimi nakwambia, mle wanaona mpaka siku yako ya kufa. Wanaficha tu.

— Na mwaka wa mafuriko wanauona! aliongeza Reli.

— Basi wampime mume wangu, alidakia Mwanasha. Waniambie huwa anachelewa wapi.

Benchi zima likacheka. Evaristo naye alicheka, lakini kicheko hakikumkaa.

— Kwa hiyo mguu wangu ndiyo basi, alisema.

Alitaka isikike kama utani. Adolf akaacha kukwangua.

— Ndugu yangu, kama damu imeshasema, sisi ni nani?

Wakati huo Jane, mwalimu aliyehamia Ifakara mwezi ule, alikuwa amekuja kuchukua baiskeli yake. Alishawaamkia, wakaitikia bila kumtazama, akabaki amesimama akiwasikiliza.

— Samahani, baba, alisema. Hospitali wamekupa tarehe yoyote?

— Wamenipa rufaa. Dar es Salaam, Jumatatu. Wanasema kuna puto dogo linapitishwa ndani ya mshipa, linaufungua.

— Sasa kama damu imesema mguu ndiyo basi, hilo puto ni la nini?

Adolf aliinamia tyubu kana kwamba pancha imeongezeka. Evaristo akakumbuka uso wa daktari kijana aliyempa rufaa. Alikuwa amerudia neno moja mara tatu, "mapema, mzee, mapema," na yeye masikio yake yalikuwa yameishia kwenye "hatari".

— Kumbe walikuwa wananiharakisha, alisema polepole.

Hakumaliza kahawa. Alikwenda nyumbani kumwambia mkewe, Eufrasia, afungashe.

Reli alizungumza na vijana wa stesheni, Evaristo akapata kwenye treni kiti cha kunyooshea mguu. Huko Dar mshipa ulifunguliwa. Kidole gumba hakikuokolewa. Walikikata, na Evaristo alikililia kama mtoto, Eufrasia kamshika bega. Lakini mguu ulibaki. Sigara aliziacha hukohuko, na kuziacha kulimtesa kuliko kisu.

Wiki ya saba tangu aondoke alitokea kijiweni, taratibu, kavaa makubazi.

— Na damu sasa inasemaje? aliuliza Reli, kabla hata hajakaa.

— Wameitoa tena, majibu bado. Daktari kasema nayo siyo nabii, inamsaidia kujua nani awahishwe, basi.

— Aa, mimi ningetaka uhakika, alisema Adolf.

Evaristo akavua kubazi, akaupandisha mguu kwenye benchi, katikati yao.

— Shika.

— Nishike nini?

— Mguu, Adolf. Shika.

Adolf akajifuta mikono yenye grisi kwenye suruali, akaweka kiganja juu ya unyayo. Akakiacha pale muda mrefu.

— Una joto, alisema.

— Hebu, alisema Reli, akisogea. Mwanasha naye akaweka birika chini, akaja.