Dada Yetu Msoma Mita, Aliyeingia Mji Huu Akiwa na Miezi Tisa

Ndugu, jamaa na majirani, pamoja nanyi wanakamati mliokalia viti vya mbele kabla wafiwa hawajakaa: ukurasa wa tatu wa ratiba mliyoshika una wasifu wa marehemu wenye mistari tisa. Uliandikwa na kamati ya mji. Ukunjeni. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, nimeandika wa kwangu, na nitausoma wote, jua lituchome lisituchome.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Februari 1961, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe. Hakuzaliwa hapa. Hilo mnalijua, maana ndilo jambo pekee mlilopenda kulijua kumhusu. Aliingia mji huu Novemba ya mwaka huohuo, mgongoni kwa mama, akiwa na miezi tisa. Baba alikuwa amepata kazi kwenye karakana, wakapanga vyumba viwili juu ya duka la vioo. Mimi nilizaliwa katika chumba cha pili, tarehe 3 Septemba 1962. Baba mmoja, mama mmoja, ziwa lilelile, kitanda kilekile. Mimi nikawa mwenyeji, dada yangu akawa mtu wa kuja. Mwenye akili anieleze.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, katika lile jengo refu karibu na tangi la maji. Wiki ya kwanza mwalimu wa darasa aliwapanga watoto mistari miwili ili ajaze daftari lake: wenyeji kushoto, wa kuja kulia. Marehemu akasimama kushoto. Mwalimu akamshika mkono wa gauni akamhamisha. Akarudi. Akahamishwa tena, akarudi tena, mpaka akapewa adhabu ya kufuta ubao wiki nzima. Nilipoanza mimi mwaka uliofuata, niliwekwa kushoto bila kuulizwa, na nakiri mbele yenu kwamba nilimtolea ulimi. Hakunisemea kwa mama. Kesho yake alinifunga kamba za viatu kama kawaida, tukaenda shule. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1978.

Tarehe 2 Juni 1980 aliajiriwa idara ya maji kuwa msoma mita, akaifanya kazi hiyo miaka thelathini na sita. Kila mwezi alipita nyumba zaidi ya mia nne. Alifunua kifuniko cha chuma, akafuta kioo kwa kitambaa, akasoma tarakimu kwa sauti, ndipo akaandika. Alikuwa akisema tarakimu ukishaisikia huwezi kuikosea. Alijua bomba la nani linavuja kabla mwenyewe hajajua. Alijua nani ana mbwa na nani ameandika tu "Mbwa Mkali" getini, na wewe, mwenyekiti, ni wa kundi la pili. Akigonga kuwaambia maji yenu yanapotea, mliulizana humo ndani, "Nani huyo?" na mkajibizana kwa sauti, "Si yule wa kuja wa mita!" Alisikia. Mageti yenu ni ya mabati, si ya zege.

Jumamosi ya tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi bomba wa idara hiyohiyo, mtu mpole aliyehamishiwa hapa kikazi, ambaye leo amekaa pale pembeni kwa sababu viti vya mbele vimejaa. Walikutana kwenye mtaro. Shemeji alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, akamwomba ampe spana, naye marehemu akampa ile sahihi bila kuambiwa namba. Shemeji husema hapo ndipo alipokwisha. Walijaliwa mabinti wawili, wote wamezaliwa hapa. Baba na mama walipozeeka walirudi walikotoka, wakataka binti yao mkubwa awafuate na familia yake. Alikataa katakata. "Huko nikafanye nini?" alimwambia mama. "Huko ndiko nitakuwa wa kuja kweli." Wazazi walizikwa huko, yeye akabaki nanyi. Sijui alichokiona kwenu.

Mwaka 2019 kamati ilitangaza kitabu cha kumbukumbu za mji. Kila aliyekulia hapa aliombwa aandike anachokumbuka. Marehemu alinunua madaftari mawili makubwa, akakaa kwenye meza ya jikoni miezi miwili. Aliandika juu ya fundi cherehani wa kona aliyeimba huku ameng'ata pini, na juu ya king'ora cha karakana kilichofanya akina mama wote wa mtaa wainjike sufuria kwa pamoja. Aliandika juu ya ngazi za posta, ambako kipandio cha nne kilizidi vingine kwa kimo cha vidole viwili. Mgeni alijikwaa hapo, aliyekulia hapa aliinua mguu bila kujijua. Zile ngazi zilivunjwa mwaka 1994 zikajengwa sawasawa, na mpaka anaanza kuugua dada yangu alikuwa bado anainua mguu pale. Watu walidhani goti linamsumbua.

Aliyapeleka madaftari kwenye ofisi ya kamati, nami nilikuwepo. Mwenyekiti hakufunua hata jalada.

"Mama, tunaanza na wenyeji," alisema. "Wewe si ulikuja?"

"Nilikuja hata kusimama sijui, mwenyekiti."

"Ndiyo hivyohivyo. Ulikuja."

"Kwani wewe ulizaliwa umesimama?"

Karani alicheka, akakaziwa macho, akainamia karatasi zake. Madaftari yakaachwa mezani, eti yapitiwe. Yalirudi baada ya wiki tatu yakiwa na duara la kikombe cha chai kwenye jalada.

Kitabu kikatoka. Ukurasa wa kumi na moja una kumbukumbu za mwenyekiti, nami nitawasomea, maana najua wengi mlikinunua mkakifungia kabatini. "Nakumbuka jioni, mama amenikalisha kwenye ngazi za nyuma, amenibana kichwa kwa magoti, ananisuka mistari minane, huku mdogo wangu akilia apewe kitana." Mwenyekiti wetu ni mtoto wa kinyozi. Hakuna mtu hapa aliyewahi kumwona na unywele unaozidi punje ya mchele, lakini alisukwa mistari minane! Aliiba mpaka akasahau kunyoa alichoiba. Huyo mdogo aliyelilia kitana ni mimi. Na kurasa nane zinazofuata, posta na cherehani na king'ora, zote za dada yangu, zimeandikwa ni za "mzee mmoja mwenyeji".

Marehemu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaacha kucheka, akabaki ameshika kitabu. Nilivaa viatu niende nikamvae mtu siku ileile, akanizuia mlangoni.

"Mwache," alisema. "Angalau mama ameingia kitabuni."

Mimi sikumwacha. Nimesubiri miaka sita nipate mahali ambapo hawezi kuondoka katikati ya mazungumzo.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kila mara alisoma tarakimu za mashine kwa sauti, mpaka wauguzi wakawa wanamtania kwamba atawaletea bili. Tarehe 20 Februari mwaka huu alituita mimi, mumewe na mabinti zake. Alisema jambo moja tu: "Nizikeni ndani ya ukuta. Sitaki kingine." Kwa wasioyajua makaburi ya mji huu, yana ukuta. Ndani wanalala wenyeji. Nje, upande wa barabara, wanalala wengine wote.

Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa nne na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Mchana nilikuwa mlangoni kwa kamati. Niliomba, mimi ambaye siombi. Jibu lilikuja kwa barua yenye muhuri: kanuni haziruhusu, ila kamati imejitolea kuchimba kaburi nje.

Basi nikaomba nakala ya kanuni. Ni kurasa nne, na nimezisoma. Kila aliyezaliwa hapa, akitimiza miaka hamsini, hupewa cheti cha nafasi moja ndani ya ukuta. Cha kwangu ni namba 212. Kifungu cha sita kinasema nafasi itatumika "kwa maelekezo ya mwenye cheti". Hakisemi lazima alazwe mwenye cheti. Mwenyekiti, hiyo saini ya chini ni yako, na safari hii hukunakili kwa mtu. Leo asubuhi, mlipokuwa mnagombea viti, waashi wawili wamemaliza kuchimba namba 212. Maelekezo yangu ndiyo haya mnayoyasikia. Lile shimo la nje lifukieni au liacheni wazi, shauri yenu. Ni langu.

Marehemu ameacha mume, fundi bomba, mabinti wawili, mmoja muuguzi, mmoja mwalimu wa hesabu, wajukuu watatu, na mdogo mmoja wa kiume ambaye leo hajasamehe mtu.

Dada, pumzika kwa amani mjini kwako. Wabebaji, inueni. Tunapitia lango la ndani.